Wiki 35, mtoto amepunguza kucheza tangu jana mchana, nisubiri kliniki Jumanne au niende sasa hivi?

mtarajiwa_mbagala · Jumamosi, saa 2:40 usiku

Habari za jioni dada zangu na mama zangu wa humu, naombeni mawazo yenu maana hapa nilipo akili haijatulia. Hii ni mimba yangu ya kwanza, wiki 35 kwa hesabu ya kliniki, na mpaka mara ya mwisho kila kitu kilikuwa sawa, presha nzuri, damu 11.2, malaria hamna, mkojo safi. Mtoto wangu nishamzoea kabisa jamani, ana utaratibu wake. Mi ni fundi nashona, cherehani ya miguu, sasa nikiwa nakanyaga anatulia tuli kama anabembelezwa, nikisimama tu nikate kitambaa au nikikaa kula mchana anaanza, anapiga hapa chini ya mbavu za kulia mpaka najikunja wateja wanashangaa. Na usiku kuanzia saa tatu hivi mpaka saa tano nikilala chali nikaweka kikombe cha plastiki juu ya tumbo kinaruka chenyewe, mume wangu alikuwa anarekodi video anawatumia ndugu zake.

Sasa tangu jana mchana yale mateke sijayasikia. Anajisogeza tu mara moja moja, taratibu, kama samaki anavyopita chini ya maji, hana ile nguvu. Jana usiku nimeweka kikombe, kimetulia. Leo tangu asubuhi nimemsikia labda mara tatu, ya mwisho ilikuwa saa kumi jioni. Mama mkwe ananiambia ni kawaida mtoto amekua nafasi imekwisha humo ndani na anakusanya nguvu za kutoka. Nimekunywa soda ya baridi, nimekula tende, nikasikia kama kwikwi basi. Wifi yangu kapakua programu ya simu ya kusikiliza mapigo tukaweka simu kwenye tumbo tukasikia duku duku duku, nikatulia kama nusu saa hivi afu wasiwasi ukarudi palepale. Utrasaundi ya wiki 22 walisema kondo la nyuma limekaa mbele, wifi anasema labda ndo sababu.

Mume wangu yuko njiani na lori la watu anaelekea Tunduma. Kliniki yangu ni Jumanne. Kusema ukweli naogopa kwenda usiku huu nikaonekana nasumbua watu na mtoto mwenyewe labda amelala tu. Nisubiri au niende?

---

zai_wa_ukonga · saa 2:46 usiku

Nenda mdogo wangu. Usiku huu huu. Hapo penyewe umeandika kwamba tangu jana mchana, si leo, kwahiyo ushasubiri vya kutosha. Chukua kadi ya kliniki, wifi yako akusindikize.

---

mama_watatu_moro · saa 2:51 usiku

Pole mdogo wangu usijitie presha bure, mi wangu wa kwanza na wa tatu wote walikuwa hivo hivo, ikifika miezi ya mwisho wanatulia maana pamebana, afu ghafla uchungu huo. Kunywa maji ya baridi mengi, lala kwa ubavu wa kushoto, usiku atacheza. Mama mkwe wako kazaa anajua. Asubuhi ukiona bado ndo uende, usiku manesi wako wachache utakaa benchi mpaka asubuhi vilevile.

---

mkunga_zamu_ya_usiku · saa 3:04 usiku

Mtarajiwa, mimi ni mkunga, nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi, naomba unisikilize. Nenda sasa hivi. Usimalize kusoma maelezo yangu yote kama bado hujavaa, yasome ukiwa kwenye bajaji.

Mama wa Moro nakuheshimu na najua umesema kwa nia njema, lakini hilo la nafasi kwisha ndilo linalotuletea akina mama wamechelewa. Mtoto hapunguzi kucheza kwa sababu amekua. Mama anaanza kumsikia kati ya wiki ya 16 na ya 24, wa mimba ya kwanza huchelewa kidogo, kucheza kunaongezeka mpaka kama wiki ya 32, kuanzia hapo kunabaki palepale mpaka siku ya kuzaa na hata ndani ya uchungu wenyewe anacheza. Kinachoweza kubadilika ni namna, zamani alikuwa anarusha mateke madogo ya haraka, sasa anajinyoosha, anasukuma, anajizungusha unaona tumbo linapinda upande mmoja. Ila wingi na nguvu havitakiwi kushuka. Kwa hiyo mama akiniambia mkunga, anacheza ila hana nguvu kama zamani, kwangu mimi hilo ni lalamiko kamili, sihitaji aniambie ameacha kabisa.

Kwa nini anapunguza: mtoto anaishi kwa kondo la nyuma. Likiwa halimpi damu ya kutosha, iwe kwa presha ya mama, kisukari, maambukizi, au kondo lenyewe limechoka, mtoto anabana matumizi. Anaupa kwanza ubongo na moyo, anaacha kurusha miguu. Ndo maana kucheza kunapungua mapema, wakati mapigo ya moyo bado yapo. Hapo ndo kwenye shida ya hiyo programu ya simu. Mlichosikia kinaweza kuwa mshipa wako wewe mwenyewe, au damu inavyopita kwenye kondo, au mchakacho wa simu na nguo. Na hata hivi vimashine vya kununua vya kusikilizia nyumbani, hata ukiupata moyo wa mtoto kweli, kusikia unapiga hakukuambii kama mtoto ana hali nzuri. Sisi tukiweka fetoskopu, ile pembe, mkono mwingine tunashika mshipa wa mama kwenye kifundo cha mkono kuhakikisha hatuhesabu moyo wa mama tukadhani wa mtoto, na hiyo ni baada ya kusomea.

Kuhusu kulala. Ni kweli mtoto analala humo ndani, lakini analala dakika 20, 30, 40, mara chache sana kupita dakika 90. Hakuna mtoto mzima wa afya anayelala tangu jana mchana mpaka leo usiku.

Kondo kukaa mbele linafanya mama asisikie vizuri mwanzoni, hasa kabla ya wiki ya 28, kwa sababu lipo kama godoro kati ya mtoto na ngozi yako. Wewe una wiki 35 na kikombe kilikuwa kinaruka. Kondo lako lilikuwa hapohapo mbele wiki iliyopita na ulikuwa unamsikia. Halijahama.

Kwikwi hatuhesabu kama kucheza, zile zinakuja zenyewe kwa mpangilio. Soda na maji ya baridi hakuna uthibitisho kwamba yanasaidia chochote, kazi yake kubwa ni kukuchelewesha.

Na kulala chali acha kuanzia leo. Kuanzia wiki ya 28 lala kwa ubavu, ukilala chali tumbo linakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, damu inayokwenda kwa mtoto inapungua. Ukishtuka usiku umejikuta chali usiogope, geuka tu.

Ukifika sema hivi, mimi ni mjamzito wa wiki 35, mtoto amepunguza kucheza tangu jana. Sema maneno hayo hayo. Usianze na samahani kwa usumbufu.

---

BintiTanga · saa 3:10 usiku

Na nyongeza ndogo tu mpendwa, kama kuna mtu pembeni anataka kukukanda tumbo eti kumweka mtoto sawa au amehamia mgongoni, kataa. Bibi yangu mimi alishachemsha mafuta ya nazi tayari, namshukuru mama yangu mzazi alisimama mlangoni akasema hakuna kumgusa, tunaenda hospitali.

---

mkunga_zamu_ya_usiku · saa 3:13 usiku

Asante BintiTanga. Kukanda kwa nguvu kunaweza kubandua kondo, mama akatoka damu na mtoto akafia ndani. Na dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu pia zisiguswe kabisa.

---

bajaji_chamazi · saa 3:15 usiku

Dada mi dereva wa bajaji naelewa njia za huko, usipande bodaboda na tumbo hilo usiku, barabara ina mashimo. Bajaji haitazidi elfu tano mpaka sita kwa hospitali ya karibu. Na kwa walio mbali na mjini wanaosoma hapa, kuna mfumo wa m-mama, unapiga 115 ni bure kabisa, unaeleza hali ya mjamzito ulivyo, wao ndo wanaangalia kama ni dharura wanatuma ambulensi au dereva wa jamii aliyesajiliwa anakuja kukuchukua, hela analipwa na mfumo si wewe. Ulianzia kanda ya ziwa huko Shinyanga, ukaja kusambaa nchi nzima. Muiandike hiyo namba ukutani.

---

mtarajiwa_mbagala · saa 3:18 usiku

Nimevaa. Wifi kaenda kuita bajaji. Shikamoo mama mkunga na asante sana. Mama mkwe amekasirika kidogo ila amenipa kanga zake mbili. Niombeeni.

---

subira_2019 · saa 3:40 usiku

Nilikuwa nasoma tu sikutaka kuandika ila nimeona niandike kwa ajili ya watakaokuja kusoma baadaye.

Mwaka 2019 nilikuwa na wiki 38. Ijumaa mchana nilikuwa nakunja nguo za mtoto nilizofua, naziweka kwenye beseni la bluu, nikagundua kwamba tangu niamke sijamsikia. Nikaenda kituo cha karibu na nyumbani, kituo sikitaji. Yule aliyenipokea hakunilaza hata kitandani, aliniuliza una uchungu, nikasema sina, maji yametoka, nikasema hapana, damu, hapana, akaniambia rudi nyumbani mama mtoto amepumzika watoto wa wiki hizi wanapumzika, uchungu ukija njoo. Nikarudi nimefurahi jamani, ndo kitu ambacho mpaka leo kinaniumiza, kwamba nilirudi nimefurahi kwa sababu mtu mwenye sare kaniambia mtoto anapumzika. Jumamosi nikasikia kitu kama kusogea, sasa hivi nimeelewa kwamba nilipogeuka mimi na yeye alikuwa anaelea tu anaangukia upande niliogeukia. Jumatatu ndo nikaenda hospitali nyingine, daktari akaweka kipimo cha utrasaundi tumboni, akakaa kimya, akageuza kile kioo upande wake, akaita mwenzake. Pale nilishajua.

Alikuwa wa kike, kilo 2.9, nywele nyingi.

Mimba iliyofuata mwaka 2021 nilifanya hivi. Sikumhesabu kutwa nzima maana ningekuwa kichaa. Kila siku saa mbili usiku nikishakula nalala kwa ubavu wa kushoto, simu naiweka mbali, na namsikiliza tu, mkono kwenye tumbo. Kwa wiki chache nikamjua, akianza anaanza na msukumo wa juu afu anageuka. Siku asipoanza nilikuwa naondoka. Nilikwenda mara nne kwa mimba ile. Mara tatu alikuwa mzima kabisa. Mara ya nne walinibakiza. Ana miaka yake sasa anaenda chekechea.

Mtarajiwa ukiambiwa rudi nyumbani bila kupimwa mapigo, usiondoke. Omba daktari. Kaa chini sakafuni kama ni lazima.

---

zai_wa_ukonga · saa 3:52 usiku

Subira mama yangu, nimesoma nimelia. Pole sana, Mungu amlaze huyo malaika wako pema.

---

mtarajiwa_mbagala · Jumapili, saa 8:15 usiku

Jamani nimerudi nipo nyumbani na mtoto ni mzima. Nawaeleza ilivyokuwa.

Nimefika nikasema yale maneno aliyonipa mama mkunga vilevile kama shairi, nesi wa zamu alikuwa dada mdogo tu, hata hakunifokea, akanipeleka moja kwa moja leba akanilaza kwa ubavu. Kanipima presha 130 kwa 84, mkojo, akapima tumbo kwa futi ya kitambaa kuanzia mfupa wa chini mpaka juu, ikawa sentimita 33. Afu ile pembe, na kweli akanishika kwenye kifundo cha mkono kama ulivyosema mama mkunga, anasikiliza huku macho yako kwenye saa ya ukutani. Moyo wa mtoto 142. Akasema kawaida ni 110 mpaka 160. Baadaye wakanifunga mikanda miwili ya mashine ya CTG, mmoja wa moyo mmoja wa tumbo kukaza, nikawa nimeshika kile kitufe nabonyeza kila nikimsikia. Dakika kumi za mwanzo kimya. Jasho linanitoka. Kama dakika ya 15 hivi akapiga moja hapa kwenye mbavu na mstari wa moyo wake ukapanda juu ukashuka, nesi akacheka akasema huyo hapo, ndo tunachotaka kuona, akicheza moyo unaongezeka kasi. Dakika 20 nzima wakasema mchoro ni mzuri. Nirudi Jumatatu kwa utrasaundi ya kuangalia ukuaji na maji, maana hizo sentimita 33 kwa wiki 35 anataka zihakikishwe.

Nilipokuwa natoka nikamwambia samahani nimekusumbua, akanijibu mama hata ukija mara kumi nitakupima mara kumi.

---

mkunga_zamu_ya_usiku · Jumapili, saa 12:30 asubuhi

Alhamdulillah. Nimefurahi sana. Huyo nesi amefundishwa vizuri na ana moyo.

Sasa sikia jambo la pili na ndilo ambalo wengi hawaambiwi. Kati ya akina mama 10 wanaokuja kwa mtoto kupunguza kucheza mara moja, kama 7 hivi mimba zao hazina shida yoyote mpaka mwisho. Kwahiyo furahi. Lakini ikijirudia, hata kama ni kesho, hata kama ni jioni ya leo, unarudi. Usiseme juzi walinipima wakasema mzima. Kipimo cha jana ni cha jana. Anayerudi mara ya pili kwetu ni wa kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko wa mara ya kwanza.

---

mamaK_leicester · Jumapili, saa 4:05 asubuhi

Niko Uingereza miaka tisa nimezaa wawili huku, nichangie kidogo. Huku unapewa namba ya wodi ya wazazi inayopokea simu saa 24, ukisema mtoto kapunguza kucheza hawakuulizi maswali mengi wanakwambia njoo. Tangu 2016 NHS, yaani huduma ya afya ya serikali huku, wana mpango wao wa kupunguza vifo vya watoto wanaofia tumboni na kucheza kwa mtoto ni kipengele kimojawapo. Mimi mkunga wangu alinikataza kujilinganisha na namba, maana nilikuwa nimepata karatasi ya kuhesabu mateke kumi nikawa naijaza kila siku, mtoto wangu alikuwa anafikisha kumi ndani ya dakika 12, siku moja alifikisha kumi kwa saa moja na nusu, nikasema aah kumi si zimetimia. Mkunga akaniambia hapana, kwako wewe hayo ni mabadiliko makubwa ungepiga simu. Mama mkunga wewe unaonaje hili la mateke kumi ndani ya saa mbili? Maana hata huko nyumbani nasikia wanafundishwa.

---

mkunga_zamu_ya_usiku · Jumapili, saa 5:20 asubuhi

MamaK umegusa penyewe. Hiyo kumi ndani ya saa mbili ni ya kumsaidia mama ambaye hana uhakika, amekuwa kwenye shughuli nyingi hajamsikiliza mtoto. Apate ubavu wa kushoto, atulie, asikilize saa mbili. Asipopata kumi aende. Ila kwa mama kama Mtarajiwa ambaye anajua kabisa kwamba tangu jana si kawaida, hana haja ya kukaa saa mbili nyingine kuhesabu, hizo saa mbili ni za njiani.

Na lazima niseme ukweli wote. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa kliniki za wajawazito wa 2016 halijapendekeza kila mama mzima apewe chati ya kujaza kila siku, ila linataka mama ajue umuhimu wa mtoto kucheza miezi mitatu ya mwisho na aripoti akipungua. Na huko Uingereza na Ireland ulifanyika utafiti mkubwa, majibu yakatoka 2018, mimba zaidi ya 400,000, wakawafundisha akina mama na wahudumu kuhusu kucheza kwa mtoto, vifo havikupungua kiasi cha kusema kwa uhakika kwamba ni mafunzo yamefanya, na walioanzishiwa uchungu na kupasuliwa wakaongezeka. Kwahiyo hatuna chati yenye miujiza. Kumjua mtoto ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni sisi huku, ukifika kuwe na mtu atakayekuangalia vizuri na kuamua vizuri. Lakini mama asiyekuja kabisa hata huyo mtu mzuri hatamsaidia, na waliopoteza mtoto tumboni zaidi ya nusu ukikaa nao watakuambia alipunguza kwanza. Mimi nimekaa nao wengi.

Utaratibu wa subira_2019 ndio ninaoupenda. Saa ileile, ubavu, mkono tumboni, jioni ndo watoto wengi wanacheza zaidi. Unamjifunza kama unavyojifunza hatua za mtu anayekuja koridoni hujamuona bado.

---

mama_watatu_moro · Jumapili, saa 8:00 mchana

Nimesoma yote mkunga. Nilichoandika juu nilikuwa naamini ni kweli, ndivyo nilivyoambiwa na mimi na mama yangu. Nina mdogo wangu ana wiki 29, nimempigia sasa hivi nimemweleza. Mtarajiwa nisamehe.

---

mtarajiwa_mbagala · Jumatano, siku 18 baadaye, saa 4:30 asubuhi

Wapendwa salaam. Naandika nipo kitandani wodini.

Ile Jumatatu utrasaundi ilionyesha mtoto mdogo kidogo kwa wiki zake ila anaendelea, maji yapo, wakaniambia nije kila wiki. Nikawa nafanya kama dada Subira, saa mbili usiku, cherehani nafunika, simu nampa wifi. Juzi Jumatatu usiku, wiki 37 na siku kadhaa, nikalala kwa ubavu nikaweka mkono, saa mbili na nusu kimya, saa tatu kasukuma mara moja tu, dhaifu. Sikukaa. Mama mkwe mwenyewe ndo alisimama kabla yangu, akasema vaa mwanangu, na safari hii akaja na sisi.

Presha 152 kwa 100. Na mimi nilikuwa naumwa kichwa tangu Jumapili nikadhani ni macho ya kutunga sindano. Mkojo una protini. Mashine wakanifunga zaidi ya nusu saa, mchoro haukuwa mzuri kama wa kwanza, moyo unapiga lakini haupandi, asubuhi daktari akaweka utrasaundi akasema maji yamepungua na mtoto hajaongezeka kama inavyotakiwa, kwa wiki hizi haina maana kumwacha humo ndani, atafaidika zaidi nje. Wakataka kuanzisha uchungu, wakaanza, moyo ukawa unashuka kila tumbo likikaza, wakanipeleka upasuaji jana saa nane mchana.

Ni wa kiume. Kilo 2.3. Alilia. Daktari alimwonyesha nesi kondo la nyuma, nilisikia anasema ni dogo na lina sehemu ngumu nyeupe nyeupe. Presha yangu bado wanaifuatilia nipo kwenye dawa.

Sasa hivi amelala kifuani kwangu ngozi kwa ngozi, nesi amemfunga na kanga ya mama mkwe, na ananipiga. Mguu wake wa kushoto, hapa hapa chini ya mbavu za kulia, ila sasa kwa nje. Baba yake amefika alfajiri na lori kaliacha sijui wapi.

---

subira_2019 · saa 4:41 asubuhi

Nimepiga magoti hapa jikoni. Hongera mama.

---

mkunga_zamu_ya_usiku · saa 4:55 asubuhi

Hongera mwanangu. Kichwa kikiuma tena, ukiona maruweruwe au tumbo la juu likiuma, mwambie nesi papo hapo, presha ya mimba haiishi siku ya kuzaa, siku hizi za mwanzo bado ni za kuangaliwa. Mnyonyeshe mara kwa mara, kilo 2.3 anahitaji joto na maziwa.

---

neema_kahama · saa 5:12 asubuhi

Habari zenu, mi ni mgeni humu. Nina wiki 31, mimba ya pili. Nimesoma uzi wote tangu juu nimefika hapa nimesimama, nimejiuliza leo amecheza saa ngapi nikakosa jibu. Jana pia sikumbuki. Nimelala kwa ubavu hapa kama saa moja nimemsikia mara mbili. Huwa ni msumbufu sana. Mume kaenda mgodini anarudi jioni, nimsubiri?

---

mtarajiwa_mbagala · saa 5:13 asubuhi

Usimsubiri shosti. Chukua kadi na kanga, mpigie mumeo ukiwa njiani. Kama usafiri ni shida piga 115 waeleze. Ukifika sema una wiki 31 na mtoto amepunguza kucheza.

---

neema_kahama · saa 5:15 asubuhi

Nafunga mlango.